Kwenda Kibondo na Kasulu na Programu ya Kupanga Kazi

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Kibondo kwa basi utapita Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, na utakapodhani sasa umefika, utaambiwa hapo ni Nyakanazi. Njia panda hiyo iko wilaya ya Biharamulo. Magari ya Bukoba na ya mpaka wa Rusumo yananyoosha mbele, ya Kigoma yanakata kushoto. Tulipokata kushoto nilikaa wima na kufungua dirisha, maana mimi ni mtu wa Tanga, nimezaliwa usawa wa bahari, na nchi niliyokuwa nikiiingia sikuwahi kuiona hata kwenye picha. Vilima vinafuatana bila kuachiana nafasi. Udongo ni mwekundu, migomba imeshuka mpaka mabondeni, na mihogo imepandwa mpaka ukingoni mwa barabara.

Nilikuwa nimetumwa na kampuni ya ukandarasi inayoniajiri, kampuni ndogo yenye kazi za makalavati, vivuko na madaraja ya barabara za vijijini katika wilaya za Kibondo na Kasulu. Nilitakiwa kuchagua programu ya kompyuta ya kusimamia miradi, kuifunga, na kuwafundisha watu wa saiti mpaka waweze kuitumia nikiwa sipo. Makao makuu walikuwa wamechoka kupiga simu kuuliza "mmefika wapi?" na kujibiwa "tunaendelea vizuri, bosi."

Barabara tuliyopita yenyewe ni darasa la kazi hiyo. Kutoka Kabingo wilayani Kakonko, kupitia Kibondo na Kasulu, mpaka Manyovu mpakani na Burundi ni kilomita 260, mradi wa TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na za serikali. Uligawanywa vipande vinne: Kabingo hadi njia panda ya Nduta kilomita 62.5, Nduta hadi Mvugwe 59.35, Mvugwe hadi njia panda ya Kanyani 70.5, na Kasulu hadi Manyovu 68.25. Mikataba mikubwa ya ujenzi huandikwa kwa kufuata mifano ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Katika toleo lake la 1999 mkandarasi, akishaarifiwa tarehe ya kuanza, ana siku 28 za kuwasilisha mpango kazi kamili: nini kitafuata nini, kwa muda gani, kwa mitambo ipi. Toleo la 2017 linataka mpango huo uandaliwe kwa programu iliyotajwa kwenye mkataba au itakayokubaliwa na mhandisi. Kwa kazi za ukubwa huo wahandisi wengi hushika Primavera P6, ambayo kampuni ya Oracle iliinunua mwaka 2008. Nami nilikuwa nayo kwenye kompyuta, ya majaribio, na kwa kilomita kadhaa za lami ile mpya nilijiona nimebeba silaha sahihi.

Kibondo tulifika jioni. Nilishuka na kanga mabegani, nikatamani ningebeba sweta. Mwezi wa saba kwetu Tanga tunauita wa baridi kwa kuwa feni inazimwa usiku. Kibondo mhudumu wa gesti aliniletea blanketi la pili kabla sijaomba. Mkahawani niliulizwa nataka ugali wa nini. Nilishangaa, maana kwetu ukisema ugali umesema sembe. Nikapewa wa muhogo, unaovutika, pamoja na mgebuka wa Ziwa Tanganyika uliopikwa kwa mawese, na nikiri kwamba tangu siku ile sembe imepungua hadhi machoni pangu.

Asubuhi yake nikaona salamu za Waha, wenyeji wa huku. Kijana anayemsalimia mkubwa huinama kidogo na kupiga makofi taratibu, mikono ikiwa mbele ya kifua. Sisi wa pwani huishia kwenye "shikamoo" na mkono. Nilipomwamkia fundi mkuu wetu nilitoa shikamoo, kisha nikajaribu na makofi. Mzee akaitikia "marahaba" kwa uso uliofunguka, na kuanzia hapo sikuitwa tena "mgeni wa Dar". Nikawa "binti yangu" yeye akiwa peke yake nami, na "injinia" mbele ya vibarua.

Ofisi ya saiti ilikuwa chumba cha kupanga chenye meza, mifuko ya saruji na karatasi ya manila ukutani. Kwenye manila kulikuwa na mpango wa kazi uliochorwa kwa kalamu nene: miezi juu, kazi pembeni, mistari katikati. Nilisimama mbele yake kwa heshima. Michoro ya mistari ya namna hiyo imepewa jina la Henry Gantt, mhandisi wa Kimarekani aliyeieneza mwanzoni mwa karne iliyopita, na programu zote nilizobeba, ukizivua rangi na vitufe vyake, zinachora kitu hichohicho.

Nikafungua Microsoft Project, programu iliyokuwapo sokoni tangu 1984 na ndiyo inayojulikana zaidi katika ofisi zetu. Ukianza mradi mpya inakupa kalenda ya kuanzia: Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na saa moja ya chakula. Nikamweleza mzee. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mvua umeiweka wapi?"

Nikamjibu kwamba makao makuu walishaiweka: masika imefungwa kuanzia Machi hadi Mei, na vuli imepewa tahadhari.

"Vuli ya wapi, binti yangu? Huku mvua ni moja. Inaingia Oktoba mwishoni au Novemba, inatoka Mei."

Nilimwangalia nisijue niseme nini. Maisha yangu yote mwaka umegawanyika kwa masika na vuli, na katikati yake Januari na Februari ni miezi ya jua ambamo mkandarasi wa pwani hujitupa kazini kwa nguvu zote. Mpango uliotoka Dar es Salaam ulikuwa umepanga misingi ya madaraja mawili ichimbwe Januari. Huku Januari mto umejaa. Kompyuta isingeweza kuligundua hilo hata kidogo: ilipewa kalenda ya Tanga na Dar es Salaam, ikapiga hesabu zake kwa usahihi kamili, na jibu likatoka na tarehe ambazo mtu yeyote wa Kibondo angezikataa kwa kuziangalia tu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ikawa kuandika kalenda ya Kibondo. Mzee akisema, mimi naandika. Jumamosi ni siku ya kazi. Siku ya mnada kijiji kizima kinaenda mnadani, hutapata kibarua. Mvua za kwanza zikidondoka watu wanakwenda kupanda mahindi na maharage yao, na hakuna ujira utakaowarudisha kabla hawajamaliza. Kuna misiba pia, na kaburi huchimbwa na walewale wanaochimba misingi. Programu ina mahali pa kuweka sikukuu za kitaifa. Misiba haina mahali. Tukaipa siku za akiba kila mwezi. Tulipomaliza, miezi ya kazi za mtoni ilikuwa imebaki Juni hadi Oktoba, na mpango wote ukajikusanya humo kwa kubanana.

Kesho yake tukaenda kuona daraja lenyewe, na hapo ndipo safari hii iliponilipa gharama zake zote. Mimi nimesomea na kukulia kwenye zege na nondo. Daraja nililolikuta linajengwa kwa mawe, la tao. Mkoa wa Kigoma una madaraja mengi ya aina hii. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, waliyaeneza huku kwa kushirikiana na Enabel, shirika la maendeleo la Ubelgiji, baada ya Wabelgiji hao kuujaribu ujenzi huo Uganda. Mawe yanapatikana vilimani, mafundi ni wa vijijini humohumo, nondo hazihitajiki, na gharama ni ndogo kuliko ya daraja la zege la ukubwa uleule.

Nilizunguka chini yake na juu yake nikiuliza maswali ya mtoto. Mafundi wanaanza na misingi na kuta za pande mbili za mto. Kisha wanasimamisha kiunzi cha miti na mbao chenye umbo la nusu duara. Juu ya kiunzi wanapanga mawe yaliyochongwa kwa nyundo, kutoka pande zote mbili kwa pamoja, kwa saruji na mchanga, mpaka yanakutana juu katikati. Pande zikipandishwa bila kulingana, kiunzi kinalemewa upande mmoja. Tao likifungwa, wanasubiri. Saruji ikishika, kiunzi kinashushwa pole pole, na mawe yanabaki yamebanana yenyewe kwa yenyewe. Halafu kuta za juu, kifusi, na njia ya kupita.

"Hapo kwenye kusubiri mnafanya nini?" nikauliza.

"Tunasubiri," mzee akasema. "Mkubwa wenu wa kule anapiga simu anasema mbona watu wamekaa."

Hapo nikafungua kompyuta juu ya rundo la mawe, na kwa mara ya kwanza nikaona programu ikipata kazi ya maana. Mwaka 1957 wataalamu wa kampuni ya kemikali ya DuPont, Marekani, walianza kutengeneza hesabu ya kutafuta ule mnyororo wa kazi ambao kiungo chake kimoja kikichelewa siku moja, mradi mzima umechelewa siku moja. Programu nyingi za kupanga miradi leo zina hesabu hiyo tumboni. Nilimweleza mzee kwa pilau ya harusi: vitunguu, nyama, supu na mchele vina zamu yake isiyorukwa, na ukichelewa kukaanga vitunguu shughuli yote imechelewa, lakini kachumbari unaweza kuikata muda wowote wakati supu inachemka. Akacheka, akaanza kunitajia mwenyewe. Kukusanya mawe ya daraja la pili ni kachumbari. Kuchonga mawe ya kuta za juu, kachumbari. Kiunzi ni vitunguu.

Na kweli, tulipoingiza kazi zote pamoja na siku za kusubiri, mstari mwekundu wa kompyuta, unaoonyesha mnyororo ule, ulipita kwenye kiunzi. Tulikuwa na miti na mbao za kiunzi kimoja, madaraja mawili, na Oktoba ikikaribia. Tao la pili haliwezi kuanza mpaka kiunzi cha la kwanza kishuke, na kiunzi hakishuki mpaka saruji ishike. Makao makuu walikuwa wakibishana juu ya idadi ya mafundi. Mafundi walitosha, kilichopungua ni mbao. Tulinunua mbao za kiunzi cha pili wiki ileile.

Jioni zile Kibondo nilizitumia kuchuja programu. P6 niliiondoa mapema bila majuto: ni chombo cha kilomita 260, kinahitaji mtu aliyefundishwa asiyefanya kazi nyingine, na sisi mtu huyo hatuna. Microsoft Project ni nzuri, ila leseni zake hulipwa kwa dola kwa kila mtumiaji, na kwa kampuni yenye saiti zilizotawanyika hesabu hiyo hupanda haraka. OpenProject, iliyotengenezwa Ujerumani, toleo lake la jamii ni la bure na unaweza kuliweka kwenye seva yako. Lakini linafunguka kwa intaneti, na saiti zetu nyingi ziko mabondeni ambako simu inakamata ukipanda kilima. Ikabaki ProjectLibre: ya bure, inakaa ndani ya kompyuta, inafungua mafaili ya Microsoft Project, inafanya hesabu ya mnyororo. Sura yake si ya kisasa. Ila jioni moja umeme ulikatika na intaneti ikaondoka nao, ikabaki ProjectLibre peke yake inafanya kazi kwa betri, nami nikaacha kuhangaikia sura.

Hiyo ilikuwa nusu moja tu. Mpango unakaa kwa injinia; habari ziko bondeni kwa mtu mwenye simu ya Android na mikono yenye saruji. Wauzaji wa programu huwaonyesha wakurugenzi skrini zenye rangi, na wakurugenzi hununua kwa kutazama wanachosoma wao. Mimi naamini programu ya saiti ichaguliwe kwa kumtazama anayeandika. Asipoandika, rangi zote zile zimejaa maneno ya kubuni.

Nilitengeneza fomu fupi ya Kiswahili kwenye KoboToolbox, chombo kilichoanzia kwa watafiti wa Harvard wanaoshughulikia misaada ya kibinadamu. Fomu hujazwa kwenye simu bila mtandao, inapiga picha, inachukua alama ya mahali, na inajituma yenyewe mtandao ukipatikana. Nilikuwa nimejiandaa kuifundisha kwa siku nzima. Karani wa stoo, dada wa pale Kibondo, akaishika simu, akatazama ile nembo, akasema, "Kumbe ni Kobo?" Alikuwa amewahi kuajiriwa kuhoji kaya katika kambi ya wakimbizi ya Nduta, ambako Warundi walianza kupokelewa tena mwaka 2015. Aliijua kuliko mimi. Akaniambia nipunguze maswali, niweke picha mwanzoni na si mwishoni, kwa sababu mtu akishachoka hapigi picha nzuri. Nilishika kalamu nikaandika anayosema. Katika wilaya hizi mbili, kwa sababu ya Nduta na ya Nyarugusu iliyoko Kasulu tangu 1996, kuna vijana wengi wenye ujuzi wa kukusanya takwimu kwa simu, na makampuni ya ujenzi yanayoleta makarani kutoka Dar es Salaam yanapita karibu yao bila kuwaona.

Yeye ndiye aliyependekeza swali ambalo leo ndilo tunalolisoma kwanza: nini kilisimamisha kazi leo? Majibu ya kuchagua: mvua, mawe, maji, saruji, fundi, malipo, msiba, hakuna.

Kutoka Kibondo kwenda Kasulu tulipita Makere, mahali magari ya mashirika yanapopishana kwenda na kutoka Nyarugusu. Kasulu ni mji mkubwa kuliko nilivyotarajia, wenye soko lililojaa maharage na ndizi, pikipiki nyingi, na jua kali mchana linalokupa matumaini ya uongo kuhusu usiku. Nikadhani mambo yatakwenda kama Kibondo. Hayakwenda hivyo.

Mafundi wa saiti ya Kasulu walinisikiliza wakiwa wamekunja mikono. Mmoja wao, kaka mwenye umri wangu, akauliza waziwazi, "Injinia, hiki kitu ni cha kutuchunga?" Lilikuwa swali la haki. Programu inayohesabu mifuko ya saruji kila jioni inamchunga mtu, hata aliyeileta asipokusudia. Sikutaka kuzunguka. Nilisema ndiyo, itaonyesha saruji imekwenda wapi, na itaonyesha pia nani amechelewesha mawe, nani hajaleta maji, na malipo ya mafundi yamekaa mezani kwa nani. Kisha nikawaonyesha picha za Kibondo zikiwa na tarehe na mahali.

Picha hizo ndizo zilizofungua mikono. Mkandarasi hulipwa kwa hati ya malipo, na hati hutoka baada ya vipimo kukubaliwa. Msingi ukishafunikwa, ubishi wa kina chake hauna mwisho, na wakati wa ubishi huo fundi anadai. Zabuni na mikataba ya serikali sasa hupita kwenye mfumo wa NeST, ulioanza kutumika Julai 2023 badala ya TANePS, na kwa mhandisi wa saiti kuwa na kumbukumbu ya kila siku yenye picha kunafupisha safari ya karatasi mpaka kwenye fedha. Yule kaka akachukua simu akapiga picha msingi uliokuwa wazi, akaweka futi ya kupimia ndani yake ili kina kionekane. Hilo la futi sikulisema mimi. Tumeliingiza kwenye fomu.

Walitaka pia mpango uchapishwe na kubandikwa ukutani, kwa maandishi makubwa, si ukae kwenye kompyuta ya injinia tu. Tulichapisha vipande vya A4 pale mjini, tukaviunga kwa gundi. Vibarua walisimama kuusoma kutafuta tarehe za malipo, na nyuma yao msimamizi akitafuta tarehe ya kuleta mawe.

Ubishi mkubwa ulibaki kwenye safu ya asilimia. Programu hutaka kila kazi iandikiwe imekamilika kwa kiasi gani, na makao makuu hupenda sana namba hiyo. Fundi mkuu wa Kasulu alikataa kuijaza kwenye tao. "Tao la asilimia themanini ni nini?" akauliza. "Ukilipandisha punda linaanguka naye." Akaeleza kwamba mpaka jiwe la mwisho liingie na kiunzi kishuke, daraja hakuna, kuna mawe yaliyolala juu ya miti. Nilipiga simu Dar es Salaam. Walitaka asilimia kwa ajili ya taarifa yao ya mwezi. Nikawasomea ya mwezi uliopita, iliyosema daraja limefika asilimia 75 kwa wiki tano mfululizo, nikawauliza imewasaidia nini.

Tukakubaliana: misingi, kuta na kifusi vitapimwa kwa mita za ujazo, kiunzi kitaandikwa kimesimama au bado, tao litaandikwa sifuri mpaka kiunzi kishuke, na siku kikishuka, mia. Fundi mkuu akaridhika. Nikafungua faili mbele yake, nikaifuta ile safu kwenye karatasi ya ukutani, tukachapisha upya ukurasa mmoja na kuubandika juu ya ule wa zamani.